Usikopi mafaili ya .cda
Ukifungua CD ya muziki kwenye kompyuta ya zamani yenye Windows, utaona mafaili ya .cda, kila moja KB 1. Usihangaike kuyakopi kwenye flashi; ni vielekezo tu, muziki wenyewe haumo. Mimi nilishabeba flashi ya namna hiyo hadi kwenye harusi, nikidhani nina taarab ya usiku kucha. Ikawa bubu.

Weka programu ya Exact Audio Copy, ni ya bure, kisha toa nyimbo kwenye CD kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Dakika moja hula takriban MB 10, hivyo kama nafasi kwenye kompyuta ni ndogo, chagua FLAC, inayobana faili bila kupunguza ubora wa sauti. CD ikikwama, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe, halafu punguza kasi ya kusoma.