SOMO: Amplifaya ndogo ya LM386 (chipu ya kukuza sauti), na kwa nini yako inanguruma

"Amplifaya yangu inanguruma, chipu ni feki?" Swali hili nimelijibu mno, sasa naliandika lote hapa ili anayeuliza tena nimwelekeze huku. Mara nyingi chipu haina kosa. Kosa liko kwenye waya za hasi, kwa hiyo hatua ya 6 isome mara mbili kabla ya kushika lehemu.

Vifaa: LM386 na soketi ya pini 8, potenshiomita ya kilo-omu 10, kapasita mbili za mikrofaradi 220 na moja ya 10, kapasita za nanofaradi 100 na 47, rezista ya omu 10, spika ya omu 8, betri ya volti 9.

1. Lehemu soketi, chipu ichomekwe mwisho. Kikato cha chipu kikiwa juu, pini 1 iko juu kushoto. Unahesabu ukishuka hadi 4, kisha 5 iko chini kulia na unapanda hadi 8.

2. Pini 2 na 4 kwenye hasi, pini 6 kwenye chanya.

3. Sauti inaingia mguu mmoja wa pembeni wa potenshiomita, mguu wa pembeni wa pili unakwenda hasi, wa katikati unakwenda pini 3.

4. Pini 7: kapasita ya mikrofaradi 10 hadi hasi. Inazuia mngurumo wa umeme usipenye.

5. Pini 5 ndiyo ya kutolea sauti. Weka mikrofaradi 220, chanya yake ikiangalia pini, kisha spika. Pini hiyohiyo itoe pia nanofaradi 47 ikifuatana na rezista ya omu 10 hadi hasi. Wengi huziacha hizi mbili, halafu chipu inatetema kwa masafa ambayo sikio halisikii na wanashangaa kwa nini inachemka.

6. HASI. Mkondo wa spika unarudi kwenye betri kwa waya wa hasi. Ukiutumia waya huohuo kwa potenshiomita, ule ukinzani mdogo wa waya unazaa volti kidogo. Chipu inaidhani ni sauti, inaikuza, inaipeleka kwenye spika, nayo inarudi tena mlangoni. Matokeo yake ni "pu-pu-pu" au mluzi. Dawa ni kuchagua nukta moja karibu na pini 4, kisha hasi ya betri ije hapo kwa waya wake, ya spika kwa waya wake, ya potenshiomita kwa waya wake. Usizirithishe mmoja kwa mwingine! Halafu mikrofaradi 220 ya pili na nanofaradi 100 zikae kati ya pini 6 na nukta hiyo, miguu mifupi kadiri inavyowezekana. Zikiwekwa huko kwenye betri hazisaidii kitu. Na betri iliyochoka nayo huleta "pu-pu-pu", ijaribu mpya kabla ya kufumua kazi.

7. Kabla ya kufunga spika, weka mita ya kupimia volti kati ya hasi na pini 5. Lazima usome karibu nusu ya betri, yaani volti 4.5 hivi. Ukisoma 0 au 9, chomoa betri utafute kosa.

MASWALI

— Mkuu nimefuata kila kitu haitoi sauti, shida nini?
Pini 5 inasoma volti ngapi? Na pini 6?

— Sina mita.
Azima. Bila vipimo nitakuwa napiga ramli.

— Nikitumia betri ya gari napata wati 50?
Hapana. Kwa volti 9 hata wati moja haifiki. Tena matoleo ya LM386N-1 na N-3 ni ya volti 4 hadi 12, na betri ya gari ikiwa inachajiwa inavuka hapo. Kwa nguvu zaidi tafuta chipu ya TDA2030 na bati la kupoozea, ukijua bati la mgongoni mwa chipu hiyo limeungana na pini 3 yake.

— Samahani fundi, michoro mingine ina kapasita kati ya pini 1 na 8. Ya nini?
Umeangalia vizuri. Pini hizo zikiwa wazi, chipu inakuza mara 20. Ukiweka mikrofaradi 10 inakuza mara 200, na ukiifuatanisha na rezista ya kilo-omu 1.2 inakuwa mara 50. Kwa sauti ya simu, mara 20 inatosha, mara 200 italeta makelele tu. Kwa maikrofoni au gitaa utaihitaji hiyo 200.

— Simu ina kushoto na kulia, niunge pamoja?
Usiunge moja kwa moja, pande mbili zitasukumana. Kila upande upitie rezista ya kilo-omu 1, ndipo zikutane.

— Yangu imekubali, haingurumi kabisa! Ila besi hakuna.
Hongera sana. Mikrofaradi 220 na spika ya omu 8 zinaanza kupunguza chini ya hezi 90. Weka 1000, utashuka hadi 20 hivi. Halafu, spika iko uchi mezani? Mawimbi ya nyuma yanafuta ya mbele.

— Iko uchi kweli. Nimeibana kwenye kipande cha mbao kilichotobolewa, imebadilika!
Ziba na mwanya wa pembeni ya spika, kisha jaribu mbao pana zaidi.