Rangi Iseme: Namna ya Kuitumia Kama Taswira Katika Hadithi na Shairi

Miswada mingi ninayohariri ina ugonjwa mmoja: gauni jekundu, bahari ya buluu, basi. Rangi imepakwa, haijasema kitu. Hivi ndivyo ninavyoitibu.

Kwanza, pigia mstari kila neno la rangi. Usifute bado.

Pili, yatenge mafungu mawili. Vivumishi vya rangi vya asili katika Kiswahili ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. (Mwaka 1969 watafiti Brent Berlin na Paul Kay walieleza kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya msingi ya rangi huwa na haya haya.) Nyingi zilizobaki ni vitu vilivyogeuka rangi: kijani ni jani, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha mchuzi, samawati ni mbingu.

Tatu, na hapa usiharakishe: kila rangi ya fungu la pili irudishie kitu chake. Umeandika, "Uso wake ulikuwa wa kijivu." Jivu hubaki moto ukishazimika. Moto wenyewe uko wapi? Uweke kabla: "Waligombana hadi kuni zikaisha. Alfajiri uso wake ulikuwa wa kijivu." Neno ni lilelile, ila sasa lina historia. Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, naye aliifananisha bahari na divai, na msomaji akaonja kabla ya kuona.

Nne, zile tatu za asili zina silaha yake, yaani upatanisho wa ngeli. "Cheupe kikapita dirishani." Nomino haipo, lakini ki- inatuambia kuna kitu, nasi tunaogopa. Zina pia viigizi vyake, yaani vijineno vya kutilia mkazo: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Kimoja kwa ukurasa kinatosha. Vikizidi, inakuwa ngoma.

Tano, pindua mazoea. Nyeusi kuwa ubaya na nyeupe kuwa usafi, hayo msomaji ameyachoka. Wingu jeusi ni habari njema kwa mkulima aliyengoja mvua miezi mitatu. Au acha rangi moja irudi ikiwa imebadilika: kitambaa chekundu cha harusini, baadaye kikafungwa kwenye jeraha. Usieleze uhusiano wao, tafadhali.

Mwisho, soma kwa sauti ukiziruka rangi zote. Sentensi ikisimama vilevile bila rangi yake, usiirudishe.