Kuwapiga picha ndege wawindaji wa mto Dee wakati wa bamvua

Hatua ya 1: soma maji kabla ya kugusa kamera. Aliyekulia pwani anaijua bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kwenye mlango wa mto Dee, kati ya England na Wales, bamvua ndiyo itakayokuletea ndege. Fungua jedwali la maji la Liverpool, bandari ya jirani, utafute siku ya majira ya baridi ambayo maji yatajaa hadi mita 10 au zaidi. Upepo wa magharibi ukivuma, maji hupanda zaidi.

Mahali pangu ni Parkgate, kijiji cha ukingoni upande wa England. Zamani ilikuwa bandari, tope likaijaza. Leo mbele ya ukuta wake wa kale kuna majani ya maji chumvi tu, na siku nyingi bahari huioni. Bamvua ikifika, panya wa majanini hukimbilia ukingoni, na wawindaji huwafuata: bundi wa masikio mafupi, na kipanga wa nyikani ambao Waingereza huwaita haria. Kozi naye huwavizia ndege wa ufukweni waliorushwa na maji.

Hatua ya 2: fika mapema, ubaki ukutani. Maji makubwa hayo hujaa karibu na saa 6 mchana, kwa hiyo mimi hufika saa 4 asubuhi. Usishuke majanini kamwe. Mifereji hujaa nyuma yako kabla hujayaona maji mbele. Tena, mwanga wa mchana wa Desemba huko haudumu hata kwa muda wa saa nane. Ndege unayemrusha umemnyang'anya muda wa kutafuta chakula. Kumfukuzia ndege kwa ajili ya picha ni kumdhulumu.

Hatua ya 3: panga upepo na jua. Hapa ndipo picha inapopatikana. Haria huwinda chinichini, polepole, akiukabili upepo. Upepo ukitoka kusini, simama upande wa kusini wa ukuta: jua la baridi, ambalo halipandi juu, litakuwa mgongoni kwako, na ndege atakujia uso kwa uso, macho yakiwa yamepata mwanga. Ukitoka magharibi, utapiga migongo zaidi. Vumilia hadi ageuke.

Hatua ya 4: kamera. Lenzi ya milimita 400 hadi 600, shuta ya 1/2000 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 au zaidi mawingu yakitanda. Haria dume ni wa kijivu cheupe. Mbele ya majani meusi kamera humuunguza, yaani humfanya mweupe mtupu, basi punguza mwanga kidogo. Akipanda mbele ya anga jeupe, ongeza. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, baridi huzimaliza haraka.

Hatua ya 5: maji yakipwa, usiondoke. Jioni haria hurudi kulala majanini, na jua huzama upande wa Wales, mbele yako. Pima mwanga wa anga, umwache ndege awe kivuli cheusi.