SOMO: Kupanga upya njia za gari la taka ili kupunguza dizeli na moshi

Wazoa taka wenzangu, leo sizungumzii magari ya umeme. Nazungumzia Fuso hilohilo mlilonalo na dampo lilelile la Pugu Kinyamwezi. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi, kwa hiyo anayeokoa lita anaokoa hewa na pesa kwa pamoja. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko nilikosimamia magari.

Hatua ya 1: Daftari. Kwa wiki mbili, utingo aandike kilomita zinazosomeka gari linapotoka yadi, linapoanza kuzoa, linapomaliza, linapofika dampo na linaporudi. Aandike pia lita zilizowekwa na mzigo uliobebwa. Penye mzani soma tani. Pasipo na mzani andika kama bodi ilijaa, nusu au robo. Tafadhali msiiruke hatua hii. Mimi niliiruka, nikahangaika miezi na vichochoro vya Sinza, kumbe mafuta mengi yalikuwa yakiishia kwenye foleni za barabara za Mandela na Nyerere.

Kipimo chenu kiwe lita kwa tani. Lita kwa kilomita hudanganya, maana gari linalokwenda Pugu nusu tupu huonekana linakula mafuta vizuri.

Hatua ya 2: Safari ya dampo. Hapa ndipo penye uokoaji mkubwa. Tuseme kwenda na kurudi ni kilomita 60, na gari linakula lita 1 kwa kilomita 3. Hizo ni lita 20 kwa safari. Ukiunganisha safari tatu za kila siku zenye theluthi mbili ya mzigo zikawa mbili za bodi iliyojaa, kwa siku 26 za kazi umeokoa lita 520, yaani karibu tani 1.4 za kaboni dioksidi, kwa gari moja, kwa mwezi mmoja! Kwa hiyo gawa mitaa kwa uzito wa taka, usiigawe kwa mipaka ya serikali za mitaa. Mtaa wenye soko na mabanda ya chakula unajaza bodi mapema. Uoanishe na mtaa mwepesi ulio njiani kuelekea dampo. Uzoaji uanze karibu na yadi, uishie upande wa dampo. Usizidishe mzigo kuliko gari linavyoruhusiwa, na turubai lifungwe.

Hatua ya 3: Ndani ya mtaa. Chapisha ramani ya OpenStreetMap, ramani ya bure iliyoko mtandaoni. Tangu 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora kata nyingi za Dar, hivyo hata vichochoro vingi mtavikuta. Kisha pitisha kalamu kwenye kila barabara bila kuinua mkono. Mwanahisabati wa China, Kwan Mei-Ko, aliliandikia fumbo hili mwaka 1960 akimfikiria mtu wa posta: pale zinapokutana njia tatu au tano, mara nyingi kuna kipande utakachorudia. Kazi yako ni kuchagua vipande vifupi vya kurudia. Penye mwinuko, panda gari likiwa tupu, uzoe ukishuka. Na kwa kuwa tunaendesha kushoto, pendelea kona za kushoto. Kukata kulia barabara kuu ni kusubiri injini ikiunguruma.

Hatua ya 4: Punguza vituo. Kusimama na kuondoka kila mlango kunakula mafuta kuliko umbali wenyewe. Guta na toroli zitoe viroba vichochoroni mpaka kwenye kizimba (eneo la kukusanyia taka) au kona waliyokubaliana wakazi na mjumbe, kwa saa inayojulikana. Gari likichelewa, mbwa na kunguru watapasua viroba, na wakazi watakuwa na haki ya kukasirika.

Hatua ya 5: Pita njia nzima na dereva kabla ya kuipitisha. Yeye ndiye anayejua waya ulioning'inia.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Mbagala:* Kaka, simu si inaonyesha njia fupi? Kuna haja gani ya kalamu?

Ndugu yangu, simu inakutoa hapa ikufikishe pale. Wewe unatakiwa upite kila barabara, na hilo ni fumbo jingine. Kama unazoa kwenye vizimba tu, hapo programu inafaa: VROOM ni ya bure na inapanga mpangilio wa vituo kwa magari kadhaa, ukiiingizia uwezo wa kila gari.

*Kutoka Ubungo:* Wakati wa masika njia zetu hazipitiki.

Chora ramani mbili, ya masika na ya kiangazi. Vizimba viezekwe pia, maana taka iliyolowa ni nzito na unasafirisha maji ya mvua hadi Pugu.

*Kutoka Kinondoni:* Shikamoo mwalimu. Nimesikia gesi mbaya zaidi iko dampo kuliko kwenye bomba la gari.

Marahaba mwanangu, umesikia vizuri. Mabaki ya chakula yakifukiwa bila hewa hutoa methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Kwa hiyo taka za sokoni zipewe gari na njia yake, zisichanganywe na za majumbani. Ninyi wa Kinondoni mna kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Waulize manispaa wanapokea siku zipi na taka za aina gani, ndipo uchore njia ya gari hilo. Maganda ya ndizi na mabua ya mahindi yasipande tena gari la Pugu.