Kikao cha wakutubi kikianza kuzunguka palepale

Hoja kwamba Dewey, mpango wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, "ni ukoloni" ikiibuka kwenye kikao cha maktaba Tanga, usiipinge wala usiishangilie. Ina ukweli wake: mpango huo wa mwaka 1876 unaupa Ukristo namba 220 hadi 289, Uislamu umebanwa kwenye 297. Ila makofi hayasogezi kitabu hata kimoja.

Andikeni swali ambalo rafu inaweza kulijibu: vitabu vya 297 tuvipangeje, msomaji avipate bila kuuliza? Chagueni 30. Kwa wiki mbili, kaunta ipige mstari daftarini kila vinapoulizwa. Kisha vipangeni upya kwa mada (fikihi yaani sheria, tafsiri ya Kurani, sira yaani maisha ya Mtume), mbandike kidoto cha rangi kando ya namba ya zamani, mhesabu wiki mbili nyingine. Namba msiibandue; mtaihitaji mkirudi nyuma. Wengi huruka hesabu ya kwanza, na bila hiyo hakuna cha kulinganisha, ubishi unaanza upya. Ramadhani msihesabu, maana maulizo hubadilika.

Mtu akisema "weledi" au "usasa", mwenyekiti aulize: nani afanye nini, lini? Dakika 20 zatosha. Chai ije baadaye.