Jinsi ya Kumwombea Mtoto Laini ya Simu ya Muda kwa Ajili ya Safari ya Shule

Barua ya safari ya shule inapofika nyumbani, wazazi wengi hukimbilia kununua laini kabla hawajaisoma barua yenyewe hadi mwisho. Zipo shule zinazokataza simu kabisa safarini, zipo zinazoruhusu simu ya vitufe peke yake, na zipo ambazo walimu hukusanya simu zote jioni na kuzirudisha asubuhi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwandikia mwalimu msimamizi wa safari na kumwomba akujibu mambo matatu: aina ya simu inayoruhusiwa, saa ambazo mtoto ataruhusiwa kupiga, na namba ambayo mwalimu mwenyewe atapatikana kwayo muda wote. Endapo atajibu kwamba mawasiliano yote yatapitia kwake, kazi yako imekwisha nawe hujatumia chochote.

Simu ikiruhusiwa, kadiria mahitaji kabla ya kuuliza bei. Anachohitaji mtoto ni namba inayopatikana akipigiwa, uwezo wa kutuma ujumbe mfupi, na dakika chache za kupiga akipotea au akiugua. Simu moja ya dakika 5 kila jioni katika safari ya siku 6 ni dakika 30. Ongeza dakika 10 za dharura, unapata 40. Ukishaifahamu hesabu hiyo, muuzaji hatakuyumbisha kwa kifurushi kikubwa ambacho nusu yake itaishia hewani.

Kwa safari ya ndani ya nchi, laini ya kawaida ya malipo ya kabla inatosha, mradi mtandao wake unafika mahali watoto watakapolala, jambo ambalo ni vyema kumuuliza mwalimu aliyewahi kufika huko. Safari ya nje ya nchi ndiyo yenye mitego. Njia ya kwanza ni mtoto kubaki na laini ya nyumbani na kuiombea huduma ya kutumika ugenini, yaani roming. Njia hii haina usumbufu wa kubadili namba, lakini usiikubali kabla hujaona kwa maandishi bei ya dakika moja ya kupiga na bei ya kupokea, maana mitandao mingi humtoza hata anayepigiwa akiwa ugenini. Zipo nafuu za kisheria mahali pengine: ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu Juni 15, 2017, laini ya nchi mwanachama hutumika katika nchi nyingine mwanachama kwa bei ya nyumbani, ndani ya masharti ya matumizi ya kiasi.

Njia ya pili ni laini ya nchi wanakokwenda. Kupiga na kupokea kule huwa rahisi, ila nawe nyumbani utatozwa bei ya kimataifa kila unapompigia, na mzazi anayesahau hilo hujikuta yeye ndiye aliyelipia safari mara mbili. Njia ya tatu ni laini ya eSIM, ambayo haina kadi ya kuchomeka bali hupakuliwa kwenye simu kwa kuskani msimbo. Hii hununuliwa mapema ukiwa nyumbani, na nyingi huwa za bei nafuu, lakini lisome tangazo lake kwa makini: eSIM nyingi za wasafiri ni za data tupu, hazina namba ya simu. Mtoto hawezi kupigiwa wala kutumiwa ujumbe wa kawaida, isipokuwa kupitia programu ya intaneti. Kwa mtoto mdogo siishauri.

Baada ya kuchagua njia, kagua simu itakayobebwa. Simu iliyonunuliwa kwa mkataba wa kampuni huenda imefungwa isipokee laini ya mtandao mwingine. Njia rahisi ya kujua ni kuazima laini ya mtandao tofauti, kuiweka, na kujaribu kupiga. Ikikataa, iombe kampuni husika iifungue, na uwe tayari kuwatajia namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, ambayo hujitokeza kwenye kioo ukibonyeza *#06#. Angalia pia umri wa simu. Kitochi cha zamani kilicholala kabatini kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisipate mtandao, kwa sababu nchi kadhaa zimezima mitambo ya mtandao wa kizazi cha pili au cha tatu (2G au 3G). Kampuni kubwa za Marekani, kwa mfano, zilizima ya kizazi cha tatu mwaka 2022. Kwa nchi za namna hiyo tafuta simu ya vitufe inayopiga simu kupitia 4G.

Sasa ndipo yanakuja maombi yenyewe. Katika nchi nyingi laini haiwashwi bila kusajiliwa kwa kitambulisho, na mtoto ambaye hajafikisha umri wa mtu mzima hasajili kwa jina lake peke yake. Mzazi au mlezi ndiye mwombaji. Beba kitambulisho chako au pasipoti, cheti cha kuzaliwa cha mtoto endapo kampuni ina utaratibu wa kusajili watumiaji wadogo, na barua ya shule inayoonyesha tarehe za safari. Barua hiyo si sharti kila mahali, lakini huokoa maelezo mengi mbele ya dirisha. Kwenye fomu, chagua malipo ya kabla, si mkataba wa kila mwezi, na palipo na kisanduku cha kifurushi kujirudia chenyewe, kiache wazi. Usimwachie wakala akujazie mambo hayo kwa haraka. Jina likikosewa herufi moja, siku utakapohitaji kuifunga au kuirudisha laini utaambiwa wewe si mmiliki.

Kabla ya kulipa, uliza kifurushi kinaanza kuhesabiwa lini. Mimi sikuuliza. Binti yangu alikuwa akisafiri Jumatatu na kurudi Jumamosi, nami nikamnunulia kifurushi cha siku 7 Jumamosi ya kabla ya safari, saa moja jioni, nikijiona mwangalifu. Basi la kurudi lilichelewa njiani. Jumamosi ile saa moja jioni alikuwa akinieleza wamesimama wapi, na simu ikakatika katikati ya neno, kwa kuwa siku 7 zilihesabiwa tangu dakika niliyolipa. Kwenye laini hapakuwa na salio la kawaida hata la ujumbe mmoja, na tulimngoja kwa saa tatu bila habari. Tangu hapo huweka siku mbili za ziada, na pembeni ya kifurushi huacha salio dogo lisilo na muda mfupi wa kuisha.

Peleka maombi wiki moja au zaidi kabla ya safari, kwani uhakiki wa usajili unaweza kuchukua saa chache au siku nzima, na kadi ikigoma utahitaji muda wa kubadilishiwa. Laini ikiwaka, itayarishe nyumbani. Hifadhi namba zote kwa alama ya + na msimbo wa nchi mwanzoni, ili zipigike popote. Zima data ya roming na masasisho ya programu yanayojiendesha. Bonyeza ##002# na kupiga, ili kufuta uhamishaji wa simu kwenda kwenye sanduku la sauti, kwa sababu mtoto akiwa ugenini simu asiyoipokea ikihamishiwa huko inaweza kutozwa kama simu ya kimataifa. Endapo mtoto anatumia WhatsApp, akaunti yake huendelea na namba ya zamani hata laini ikibadilishwa. Programu ikimuuliza kama anataka kubadili namba, akatae.

Namba ya siri ya laini mfundishe mpaka aikariri. Akiikosea mara tatu, kadi hujifunga na kudai namba ya PUK, yaani ya kuifungua tena, yenye tarakimu 8, na PUK ikikosewa mara kumi kadi hiyo imekufa. Bakia na PUK wewe, kwenye karatasi. Naye umwandikie kikaratasi cha namba tatu, yako, ya mwalimu, na ya dharura ya nchi anakokwenda, akiweke mfukoni na wala si kwenye mkoba wa simu, kwa kuwa simu ikiibwa kinaondoka nayo. Namba 112 hufanya kazi kwenye simu za mkononi katika nchi nyingi, hata bila salio.

Kisha fanyeni jaribio: mtoto aende chumba kingine, azime simu, aiwashe, aweke namba ya siri, akupigie, akutumie ujumbe, na aangalie salio mwenyewe. Katika jaribio hilo ndipo utagundua kwamba hajui kuongeza sauti, au kwamba hukuiruhusu laini kupiga nje ya nchi.

Safari ikiisha, usiitupe kadi tu. Laini iliyoachwa hubaki kwa jina lako, na baada ya muda kampuni hufuta namba na kuweza kumpa mteja mwingine, ambaye ujumbe uliokusudiwa kwa mtoto wako utamfikia yeye. Iondoe namba hiyo kwenye fomu za shule na kwenye akaunti yoyote iliyosajiliwa kwayo, nenda na kitambulisho kile kile kuomba ifungwe, kisha utunze uthibitisho wa kufungwa kwake.