Kundi la mashabiki: kutunza kazi zisifutwe, kusaidia maandamano bila kuumiza watu

Kundi la mashabiki lililozoea kutunza kazi zake, yaani hadithi, michoro na video za wanachama wake, limeshapata nusu ya ujuzi unaohitajika siku ya maandamano. Linajua nani ameshika nini, linaweka nakala kabla ya balaa, linahesabu fedha mbele ya watu, na halitaji majina ovyo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye mafaili, barabarani tutafika baadaye.

Kazi hupoteaje

Mwishoni mwa Mei 2007 jukwaa la blogu la LiveJournal lilifunga mamia ya akaunti kwa mkupuo mmoja, zikiwemo za waandishi wa hadithi za mashabiki, zile zinazotungwa kwa wahusika wa vitabu au filamu wanazozipenda. GeoCities, jukwaa la kurasa binafsi, ilizimwa mwaka 2009. Yahoo Groups ilitangaza Oktoba 2019 kwamba itafuta yaliyomo. MySpace nayo ilikiri mwaka huohuo wa 2019 kwamba nyimbo zilizopakiwa kwa zaidi ya miaka kumi zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Mara zote hizo mwenye jukwaa hakuona kwamba ana deni kwa aliyepakia.

Jibu la mashabiki lilikuwa kumiliki seva wenyewe. Shirika lisilo la faida la Organization for Transformative Works liliundwa Marekani mwaka 2007, na hifadhi yake, Archive of Our Own, ambayo wengi huiita AO3, ikafunguliwa kwa umma Novemba 2009. Inaendeshwa na watu wa kujitolea kwa michango, haina matangazo, na mwaka 2019 ilipata tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa fasihi ya kisayansi na ya njozi. Kundi dogo haliwezi kununua seva, na wala halihitaji. Linahitaji utaratibu.

Anzeni na lahajedwali moja lenye safu sita: jina la kazi, jina la kisanii la mtunzi, kiungo, tarehe ya kuchapishwa, ruhusa, na mahali nakala ilipo. Jina halisi la mtunzi lisiandikwe humo hata kama wote mnalijua, kwa sababu lahajedwali la pamoja huvuja, na mtu hafukuzwi kazi kwa jina ambalo halikuandikwa. Kwenye safu ya ruhusa wekeni majibu matatu tu: amekubali, amekataa, hajajibu. Ambaye hajajibu kazi yake itunzwe kwenye diski yenu, lakini isipakiwe popote. Aliyekataa, futeni. Kundi linalohifadhi kazi ya mtu kwa nguvu halimlindi mtu huyo.

Kisha pakueni. AO3 inatoa faili za AZW3, EPUB, HTML, MOBI na PDF. Chukueni mbili, EPUB na HTML. EPUB ni nyepesi na inasomeka kwenye simu. HTML inafunguka kwenye kivinjari chochote bila programu nyingine, na maandishi yake yanaweza kupakiwa upya bila kupoteza mitindo. PDF ni nzuri kwa kuchapa karatasi, ila kuigeuza tena kuwa maandishi safi ni adhabu. Kwa picha na video mwombeni mtunzi faili la asili, kwa kuwa lililopita kwenye TikTok au WhatsApp limeshabanwa na ubora wake haurudi.

Majina ya mafaili yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, bila nafasi katikati: 2024-12-14_jina-la-kazi_sura-01. Hivyo kompyuta itayapanga yenyewe.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwa vitendo: kompyuta ya mtunza hifadhi, diski ya nje nyumbani kwa mwanachama mwingine, na hifadhi ya mtandaoni yenye nenosiri lisilotumika kwingine. Flashi ni ya kubebea mafaili, si ya kuyatunza kwa miaka. Kila miezi mitatu fungueni mafaili kumi bila kuchagua, kwenye kila nakala. Makundi mengi hugundua kwamba diski imekufa siku wanapoihitaji, na hapo nakala ya mtandaoni nayo ina mafaili yasiyofunguka kwa sababu mtu alikata upakiaji katikati.

Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao ya shirika la Internet Archive, inafaa kwa kurasa za wazi: bandikeni kiungo kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa, subirini, kisha fungueni nakala yenyewe mkague. Haiwezi kuingia kwenye kurasa zinazodai nenosiri, na video mara nyingi haziji. Msiitegemee peke yake, maana Oktoba 2024 ilishambuliwa na kuwa nje ya hewa kwa siku kadhaa.

Mambo mawili ya AO3 huwatatiza wageni. La kwanza, rasimu isiyochapishwa hufutwa baada ya mwezi mmoja, kwa hiyo msiitumie kama daftari. La pili ni tofauti ya kufuta kazi na kuiachia. Mtunzi anayetaka kujitenga na hadithi yake anaweza kuiachia ibaki pale bila jina lake. Wasomaji hawapotezi kitu naye anapumua. Lakini uamuzi huo haurudishwi, na jina lake likiwa limetajwa kwenye maoni au ndani ya hadithi, litabaki humo. Asafishe kwanza. Kuna pia kufunga kazi ionekane kwa wenye akaunti tu. Hilo hupunguza roboti zinazokusanya maandishi ya kufundishia akili bandia, ingawa halizuii mtu mwenye akaunti kunakili.

Kazi ikiibwa, kabla ya kumwandikia mwizi pigeni skrinshoti yenye kiungo na tarehe, maana akishtuka atafuta. Ujumbe wa kwanza uwe wa heshima, utoke kwa mtunzi au kwa mtu mmoja aliyetumwa naye. Mashabiki mia tatu wakimvamia mtu mmoja, jukwaa litawafungia wao. Ikishindikana, jazeni fomu ya hakimiliki ya jukwaa husika. Hapa kuna shimo: malalamiko ya hakimiliki kwa sheria ya Marekani hudai jina halisi na mawasiliano, na mara nyingi hufikishwa kwa anayelalamikiwa. Mtunzi anayejificha nyuma ya jina la kisanii alijue hilo kabla ya kubonyeza.

Kutoka kwenye hifadhi kwenda barabarani

Usiku wa 3 Desemba 2024 Rais Yoon Suk Yeol wa Korea Kusini alitangaza sheria ya kijeshi. Bunge liliipinga ndani ya saa chache, na siku zilizofuata eneo la Yeouido jijini Seoul, lilipo bunge hilo, lilijaa vijana wenye taa za mkononi za mashabiki wa K-pop, muziki wa pop wa Korea, zile za kupunga kwenye matamasha. Mwaka 2016 mbunge mmoja wa huko alikuwa amedai kwamba mishumaa ya waandamanaji itazimika upepo ukivuma. Taa za betri hazizimwi na upepo. Kilichowasaidia zaidi waandamanaji, hata hivyo, kilikuwa kulipia chakula mapema: mashabiki waliobaki nyumbani, wengine wakiwa ng'ambo, walilipia kahawa na chakula kwenye maduka ya jirani ili mwandamanaji yeyote apite achukue. Tarehe 14 Desemba bunge lilipiga kura ya kumwondoa, na Mahakama ya Katiba ikakamilisha kazi 4 Aprili 2025.

Mtindo huo unaigika popote penye mkahawa na malipo ya simu, ila ufanyike kwa mpangilio.

Chagueni mkahawa ulio umbali wa dakika tano hadi kumi kwa miguu, usiwe kwenye njia kuu yenyewe, kwa kuwa njia hiyo ndiyo hufungwa kwanza. Zungumzeni na mwenye duka, si mhudumu. Mwelezeni wazi ni kwa ajili ya nani, maana ana haki ya kukataa kabla duka lake halijaonekana. Kubalianeni vitu viwili tu, tuseme chai na chapati, idadi kamili, saa ya kuanza na kumaliza, na neno la kutaja kaunta. Kila mtu achukue kimoja. Lipeni sehemu kwanza, mfano vikombe 40, na mwongeze 40 vikipungua. Kulipia 200 kwa mara moja ni kumtwisha mwenye duka mzigo: maji ya moto yanaisha, foleni inaziba mlango, wateja wake wanaondoka. Mwanachama mmoja akae karibu na kaunta akiandika kilichobaki kila nusu saa, na tangazo la kwamba vimeisha litoke haraka kama lile la kwamba vipo. Mwafaka wa masalio uwepo mapema: yaende kwa wafanya usafi, au yabaki kwa siku ya pili.

Mchango mkubwa una sheria moja inayozidi zote: mwandaaji asiguse fedha pale inapowezekana. Mashabiki wa Marekani wana mnada wa kila mwaka uitwao Fandom Trumps Hate, ulioanza baada ya uchaguzi wa 2016. Watunzi wanaahidi hadithi, michoro au uhariri. Mashabiki wanashindana kwa bei. Mshindi analipa moja kwa moja kwa shirika lililo kwenye orodha, kisha anawatumia waandaaji risiti, na ndipo mtunzi anaanza kazi. Fedha haipiti mfukoni mwa mtu. Mkiiga mtindo huo, viungo vya malipo viwekwe kwenye ukurasa wenu wa mnada, si AO3, kwa kuwa AO3 hairuhusu kuchangisha ndani yake. Juni 2020 mashabiki wa BTS, kundi la K-pop, nao walitumia njia ya kuelekeza wachangiaji kwa mashirika yenyewe walipolinganisha mchango wa dola milioni 1 wa kundi hilo kwa Black Lives Matter, harakati ya kupinga ubaguzi dhidi ya watu weusi, na wakaifikia hesabu hiyo ndani ya takriban siku moja.

Pale isipowezekana kukwepa kushika fedha, jueni mipaka ya chombo. Akaunti ya kawaida ya M-Pesa nchini Kenya haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Mchango ukishika kasi, fedha zinaanza kukataliwa na watu wanadhani wametapeliwa. Paybill kwa Kenya, Lipa Namba kwa Tanzania, au jukwaa la michango kama M-Changa hupunguza tatizo hilo. Watu wawili waone akaunti, na matumizi yachapishwe kila wiki. Lakini msichapishe skrinshoti ya taarifa ya M-Pesa ilivyo: ina majina ya waliochangia. Andikeni upya kwenye lahajedwali tarehe, kiasi, kilicholipiwa na namba ya risiti, mtosheke.

Hashitegi zinapovuruga

Tarehe 3 Juni 2020 mashabiki wa K-pop waliifurika hashitegi ya wapinzani wa Black Lives Matter kwa video za waimbaji wao, hadi aliyeitafuta hakuona ubaguzi bali ngoma. Ulikuwa ustadi, ila ulikuwa na gharama: hashitegi hiyo ilipanda kwenye orodha ya mada zinazovuma, na watu wasiojua kitu waliisoma pale juu. Siku moja kabla yake kosa lilikuwa upande wa marafiki. Watu walibandika miraba myeusi kwenye hashitegi ileile waliyotumia waandamanaji kupashana habari, na habari zikazama. Kwa hiyo hashitegi ya waandaaji iachiwe habari tupu; video, michoro na vibwagizo viwe na hashitegi yake. Waulizeni waandaaji kabla ya kuanza.

Tukio la Dallas, ambapo programu ya polisi ya kupokea video za waandamanaji ilifurikwa na video za K-pop mwishoni mwa Mei 2020 ikasimama, husimuliwa sana. Msiliige. Kenya ina sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, Tanzania ya 2015, na kuvuruga mfumo wa kompyuta ni kosa kwenye zote mbili.

Picha ndizo huwaponza watu zaidi. Kabla ya kuchapisha, funikeni nyuso kwa mraba mweusi mzito. Ukungu hafifu wakati mwingine huacha mtu akitambulika, na nguo, tatuu na viatu humtaja hata bila uso. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha, taarifa zake nyingi za ndani huondolewa. Ikitumwa kama waraka, mahali ilipopigwa panaweza kubaki humo. Njia ya mkato: pigeni skrinshoti ya picha yenyewe, mtume hiyo.

Jiandaeni pia kwa giza. Kenya mtandao ulivurugika 25 Juni 2024, na Tanzania intaneti ilizimwa 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Namba za mawakili na za huduma ya kwanza ziwe kwenye karatasi mfukoni. Pangeni mnyororo wa kupigiana simu, kila mtu na watu watano wake. Mabango na maelekezo yawe yameshapakuliwa, yagawanywe kwa Bluetooth.

Akaunti ya hifadhi na akaunti ya maandamano zisiwe moja, wala zisitumie namba moja ya simu. Wapinzani wakiripoti akaunti kwa wingi, jukwaa hufunga kwanza na kuuliza baadaye, na kazi za miaka mingi zitaondoka pamoja na tangazo la chai.

Maandamano yakiisha, yaliyochorwa, yaliyoimbwa na yaliyoandikwa kwenye mabango yaingie kwenye lahajedwali lilelile, kwa safu zilezile sita. Mafaili ya asili yenye nyuso yawekwe kwenye diski iliyofungwa kwa nenosiri, na yasionyeshwe hadharani wakati kuna mtu yeyote aliyemo ambaye kesi yake bado iko mahakamani.